Degedege: ubongo wa mtoto unapokosa chakula

Wazazi wengi wa Suji, Vudee au Mbaga huona malaria ni ugonjwa wa watu wa tambarare. Ni kweli baridi ya Milima ya Upare hupunguza mbu. Lakini mtoto aliyekulia mlimani hana kinga ya kutosha. Akishuka likizo Kisiwani au Ndungu, kwenye mashamba ya mpunga, akaugua, anaweza kuzidiwa upesi.

Kinachoumia haraka ni ubongo. Katika umri wa miaka mitano hivi, ubongo hutumia zaidi ya theluthi moja ya nguvu zote za mwili wa mtoto. Chakula chake kikuu ni sukari ya damu, yaani glukosi, na akiba yake ni ndogo mno.

Seli za neva zina wasaidizi waitwao seli za glia. Baadhi yao hugusa mshipa wa damu upande mmoja na seli za neva upande wa pili. Huchukua glukosi na kuweka akiba kidogo. Mwaka 1994, Luc Pellerin na Pierre Magistretti walieleza kuwa glia huigeuza glukosi kuwa lakteti na kuzipa seli za neva, ingawa wataalamu bado wanajadili kwa kiasi gani. Seli za neva nazo zikitumiana ujumbe huachia glutamati. Glia huikusanya, huigeuza glutamini na kuirudisha itumike tena.

Malaria kali huvuruga mpango huo. Mtoto hali, ini linashindwa kutengeneza sukari ya kutosha, na vimelea navyo hula sukari. Damu ikiishiwa, glia haina cha kugawa. Mtoto hulegea, hushikwa na degedege au hupoteza fahamu.

Degedege si pepo wala kurogwa. Linaweza pia kutokana na homa ya uti wa mgongo, hivyo apimwe hospitali. Saa moja ya kuzunguka kwa mganga ni saa ambayo ubongo unakaa na njaa.

Mtoto mwenye homa akiwa macho na anameza, mnyonyeshe, au mpe maji ya sukari mkiwa njiani kwenda zahanati: vijiko vinne vidogo vya sukari, vya kufuta, katika kikombe cha mililita 200 za maji safi. Akiwa kwenye degedege au hana fahamu, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.