Nchi ya Kubuni na Maji Yake ya Kunywa

Nilihitaji waziri mla rushwa, na sikutaka simu za usiku. Mchezo wa redio niliokuwa nauandika ulikuwa na waziri huyo, wake zake wawili, shehena ya mchele uliooza na bandari isiyo na winchi. Ningeuweka Unguja, pangetokea mtu akaapa kwamba anamjua. Ningeuweka Komoro, ningewavunjia heshima majirani. Nikaona bora nibuni nchi: Jamhuri ya Nuhani, visiwa viwili, kusini-mashariki ya Mafia. Bendera nikaipa rangi tatu, rais nikampa masharubu.

Ramani ya kwanza nilimpelekea ami yangu, nahodha mstaafu wa Wete aliyewahi kufika Moroni na Majunga kwa jahazi. Bendera hakuiuliza. Alishusha miwani puani, akaweka kidole kwenye kisiwa kikubwa.

"Mwanangu, hawa watu wako wanakunywa wapi?"

"Mtoni, ami."

"Na huo mto unapita kwenye jiwe gani?"

Nimesomesha jiografia sekondari nusu ya umri wangu, na swali lile ndilo nililokuwa nikiwauliza wanafunzi kwa lugha ya kitabuni. Mbunifu wa nchi ana uhuru kwenye bendera na masharubu. Akishachagua jiwe la chini, kisiwa kinaanza kumwamulia: maji kwanza, kisha miti, kisha wanyama, na mwisho hata nani mwenye nyumba.

Jiwe la bahari yetu lina asili mbalimbali. Mahé na Praslin, huko Shelisheli, ni itale, masalio ya bara la kale la Gondwana yaliyoachwa majini Afrika na Bara Hindi zilipoachana. Aldabra ni matumbawe yaliyoinuka juu ya maji. Komoro ni volkano zilizopanda kutoka sakafu ya bahari. Nikachagua volkano, kwa sababu redio inapenda mlima unaonguruma, na kwa sababu Komoro ni darasa ambalo mwalimu hawezi kulipata ndani ya kitabu. Visiwa vyake vinne vina umri tofauti. Ngazidja ni mchanga kuliko vyote, Maore ni mkongwe, Mwali na Nzwani viko kati. Ukivipitia kwa zamu unakiona kisiwa kikizeeka.

Anza na Ngazidja. Mlima wake, Karthala, una urefu wa mita 2,361 na bado uko hai. Mawingu yanaukumba, mvua inamwagika kwa wingi ubavu wa magharibi, na pamoja na mvua yote hiyo kisiwa hakina mto hata mmoja wa kudumu. Lava changa imejaa nyufa na matundu. Tone likianguka halina haja ya kutafuta bonde; linazama papo hapo, linashuka ndani ya mlima na kwenda kutokea ufukweni, mara nyingi limeshachanganyika na chumvi. Ndiyo maana vijiji vya juu vimeishi kwa mabirika, yaani matangi ya saruji yanayokinga maji ya paa. Karthala ilipolipuka mwaka 2005, mara mbili katika mwaka mmoja, majivu yaliangukia juu ya mapaa yale yale na kuingia ndani ya mabirika yale yale. Moto haukuwafikia watu wengi. Kiu iliwafikia.

Hapo waziri wangu akabadilisha biashara. Mchele unaibwa mara moja, meli ikija. Kwenye kisiwa cha lava mwizi mkubwa ni yule anayepunguza saruji kwenye birika la shule, maana uvujaji hauonekani mpaka kiangazi.

Pwani kuna visima, na visima vya visiwani vina siri moja ambayo inafaa kila mtu aijue, awe wa Nuhani au wa Michamvi. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari. Chini ya kisiwa, mvua iliyozama inaelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kwa kadirio la wataalamu, chini yake kuna kama mita 40 za maji matamu. Hesabu hiyo inafurahisha mpaka uigeuze. Ukivuta maji ukashusha usawa wake kwa mita moja, chumvi inapanda mita 40. Hoteli ikifunga pampu kubwa karibu na kijiji, kisima cha kijiji kinaharibika bila mtu kukigusa. Wazee waliotuachia visima vifupi, vya kuchotwa kwa ndoo, walikuwa na akili kuliko mkandarasi mwenye mashine.

Nzwani ni habari nyingine. Kisiwa hicho kimekaa muda mrefu kiasi cha lava yake kuoza na kuwa udongo. Mabonde yamechongeka, mito ikapatikana. Ikapatikana, kisha mingi ikakatika. Watu ni wengi na miteremko ni mikali. Msitu umekatwa kupisha migomba, mihogo na mikarafuu, na kuni nyingi zimeingia kwenye majiko ya kukamulia mafuta ya mlangilangi, ua lile lile ambalo sisi tunalisuka kwenye vikuba. Komoro ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta hayo duniani. Mtu anayejipulizia manukato Paris hajui kwamba ndani ya chupa yake kuna kipande cha mto wa Nzwani. Bila msitu mvua inashuka kwa kishindo siku moja, inabeba udongo hadi kwenye matumbawe, na kesho yake mto ni kokoto.

Maore, kwa sababu ya uzee, imeshaanza kuzama. Ardhi imeshuka, matumbawe yamebaki yakijenga kuelekea juu, na matokeo yake ni ukuta wa mwamba unaozunguka kisiwa na kufungia ndani bahari tulivu, pana, yenye pweza na kasa. Siasa nayo ikatia mpaka wake: Komoro ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, Maore ilibaki na Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Kati yake na Nzwani ni kama kilomita 70 za maji, na vyombo vidogo vinavyoitwa kwasakwasa vimezama na watu wengi humo.

Kwa hiyo Nuhani ikapata sura. Kisiwa kikubwa ni kichanga, kina mlima, ikulu na majigambo, lakini hakina mto wala bandari ya maana, kwa sababu ufuko wake unadumbukia moja kwa moja kilindini. Kisiwa kidogo ni kikongwe, kina mito, udongo na ghuba ya kutia nanga. Rais yuko kule, maji na meli ziko huku. Msikilizaji asidhani nimetia chumvi. Moroni ndio mji mkuu wa Komoro, lakini bandari yenye kina cha kupokea meli kubwa iko Mutsamudu, Nzwani.

Ufuko unaodumbukia una faida yake. Desemba 1952 mvuvi wa Nzwani alivua samaki mkubwa mwenye mapezi kama miguu, ambaye wataalamu walikuwa wakimtafuta tangu mwenzake wa kwanza kuonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Kabla ya hapo walimjua kwa mawe tu, wakiamini amekwisha tangu zama za madinosaria. Waziri mkuu wa Afrika Kusini alitoa ndege ya jeshi kwenda kumchukua. Wavuvi wenyewe walikuwa wakimwita gombesa na hawakumthamini, kwa vile nyama yake si ya kusifika. Anakaa kwenye mapango ya lava, mita mia na kitu chini, lakini kwa sababu mlima ni wima, mita mia hizo ziko karibu na pwani, na mtu wa ngalawa na mshipi anazifikia. Upande wa Mafia unaoelekea bara huwezi kufanya hivyo. Bahari ya pale ni ya kina kifupi, na matumbawe yamejaa.

Wanyama wa nchi kavu walinipa kazi zaidi. Mtayarishaji wa redio alitaka kima, kwa sauti. Nikamwambia Nuhani haina kima wa asili. Unguja ina kima punju, paa, na hata chui tulikuwa naye, kwa sababu mkondo unaoitenga na bara ni wa kina kifupi. Zama za barafu, bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, palikuwa pakavu, na wanyama walivuka kwa miguu. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wa kina cha mamia ya mita, haikuungana na bara hivyo, na haikupata chui wala kima punju wa asili. Ilichopata ni wenye mabawa: bundi wake, njiwa wake wa kijani, chozi wake, na yule popo mkubwa mwenye manyoya mekundu ambaye hapatikani popote pengine. Nakumbuka watu wakimlenga kwa bunduki na kumla kwa mchuzi wa nazi. Kufikia miaka ya tisini alikuwa karibu kutoweka, ndipo vijiji vikaunda vikundi vya kumlinda. Leo Kidike wageni wanalipa kumtazama akining'inia.

Popo mkubwa nikaipa Nuhani bila wasiwasi, maana popo anafika popote. Nzwani na Mwali wanaye wao, anayeitwa kwa jina la Livingstone, mweusi, mabawa yake yakifunguka yanakaribia mita moja na nusu. Anakula tini na kupanda mbegu zake njiani, jambo ambalo mwenye shamba la ndizi hamshukuru kwalo. Vyura walinifikirisha. Chura hawezi maji ya chumvi. Visiwa vya itale vya Shelisheli vina vyura wa kale kwa kuwa walikuwamo tangu bara halijapasuka, lakini kisiwa cha volkano kinapaswa kukosa. Maore imekataa kanuni. Ina vyura wake wawili wa asili, ambao wazee wao walisafirishwa na magogo kutoka Madagaska. Nikaipa Nuhani chura mmoja, kwa heshima ya magogo.

Tukaja kwenye upepo, na hapa ami alichukua kalamu mwenyewe. Sisi wa Pemba tunangoja masika na vuli, misimu miwili ya mvua, kaskazi na kusi zikipishana. Ukishuka kusini hadi Komoro, mpango unabadilika: mvua kubwa inakuja na kaskazi, kati ya Novemba na Aprili, na wakati wa kusi ni kukavu. Tena ukishuka unaingia kwenye njia ya vimbunga. Karibu na ikweta kimbunga hakipati nguvu ya kuzunguka, ndiyo sababu tunakisikia redioni tu, ila si kila mara: Aprili 1872 kilipiga Unguja na kung'oa mikarafuu karibu yote, na Pemba, iliyosalimika, ikawa ndiyo nchi ya karafuu mpaka leo. Hidaya ilifika Mafia Mei 2024. Komoro ilipigwa na Kenneth mwaka 2019, na Desemba 2024 Chido iliiacha Maore bila mapaa. Nikaisogeza Nuhani kusini kidogo, nipate mvua ya kaskazi na hofu yake.

Ndipo nikauliza: katika nchi hii, nani anakaa? Wanaume wa visiwa hivi wameondoka siku zote, kwa jahazi Zanzibar na Majunga, kwa meli Marseille, ambako leo wapo Wakomoro maelfu kwa maelfu. Mwanamke hubaki, na nyumba hubaki naye. Ngazidja binti hujengewa nyumba na jamaa zake, mume huingia humo kama mgeni wa heshima, na ardhi ya ukoo hupita kwa wanawake kwa utaratibu uitwao manyahuli, ingawa ni Waislamu wanaojua vizuri mirathi ya sharia. Kanuni hizo mbili zinakaa pamoja, zinagombana, zinasuluhishwa na wajomba. Mimi sishangai. Mahali ambapo baba anaweza kupotea na tanga lake, ni busara hati ya nyumba isiwe mfukoni mwake.

Mume naye ana lake. Mpaka afanye ada, ile harusi kuu ya dhahabu, ng'ombe, joho na wiki za karamu, neno lake halina uzito bangweni, uwanja ambamo wazee huamua mambo ya mji. Kuna profesa mwenye mvi anayekaa pembeni kwa sababu hajaifanya, na mvuvi anayeketi mbele kwa sababu aliifanya. Wasomi wa huko wanailaumu kwa gharama, na lawama si ya bure, maana fedha ya miaka ishirini ya Marseille inaliwa kwa wiki mbili. Lakini uwanja wa kijiji, msikiti, barabara ya mtaa, mara nyingi hujengwa kwa michango inayopita mlango huo huo.

Kwenye sehemu ya tisa ya mchezo nimeweka harusi ya binti wa nahodha. Ami alitaka iwe Machi, bahari ni nzuri. Nimeiweka Agosti, kama wafanyavyo Ngazidja: kusi linavuma, mvua ilikatika zamani, mabirika yako nusu, na kila ndege kutoka Ufaransa inashusha wageni waliozoea kuoga mara mbili kwa siku.