Kusaka Makala za Kitaaluma katika Hifadhidata za Maktaba

Hifadhidata ya maktaba ni mkusanyiko wa taarifa za makala za kitaaluma uliopangwa ili mtafutaji azifikie kwa jina la mwandishi, jarida, mwaka au mada, na aghalabu kila makala huambatana na ikisiri, yaani muhtasari mfupi unaoeleza swali la utafiti, mbinu zilizotumika na matokeo yaliyopatikana. Zipo hifadhidata zinazohudumia fani moja, kama PubMed ya tiba na afya, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na zipo zinazokusanya fani nyingi, kama JSTOR, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kusifika kwa kuhifadhi matoleo ya zamani ya majarida.

Kwa kuwa wachapishaji wengi hutoza ada kubwa, chuo ndicho hulipia usajili, na mwanafunzi huingia kupitia tovuti ya maktaba kwa nywila yake au kwa kutumia mtandao wa chuo. Nchi zenye kipato kidogo zimepata nafuu kupitia mipango kama Hinari, iliyozinduliwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, ambayo huzipa taasisi zinazostahili majarida ya afya bure au kwa ada ndogo. Majarida ya Afrika yenyewe hukusanywa na African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na ambayo makao yake sasa yako Afrika Kusini.

Hata hivyo, kufunguliwa mlango si kupata makala, kwa sababu hifadhidata hulinganisha maneno aliyoandika mtafutaji na yale yaliyomo katika kumbukumbu zake. Mwanafunzi wa uuguzi anayetaka kujua iwapo vyandarua vyenye dawa huwakinga wajawazito dhidi ya malaria nchini Tanzania hana budi kuligawa swali lake katika dhana nne, yaani chandarua, ujauzito, malaria na Tanzania, kisha aorodheshe majina ambayo watafiti huyatumia kwa kila dhana. Kwa kuwa makala nyingi za fani hiyo huandikwa kwa Kiingereza, chandarua kimoja kinaweza kuitwa “bed net”, “mosquito net” au kwa kifupi “ITN”. Majina hayo huunganishwa kwa OR ndani ya mabano, ilhali dhana zenyewe huunganishwa kwa AND, kwa kufuata mantiki iliyoasisiwa na mwanahisabati Mwingereza George Boole (1815–1864). Kinyota mwishoni mwa mzizi, kama katika “pregnan*”, huleta maumbo yote ya neno hilo. Neno NOT hutumiwa kwa hadhari, kwa kuwa anayeandika NOT children ili kuwaondoa watoto huipoteza pia makala iliyochunguza mama na mtoto kwa pamoja.

Njia nyingine ni kutumia vichwa vya mada, yaani majina rasmi ambayo makala hupewa bila kujali msamiati wa mwandishi. Katika PubMed, kwa mfano, makala za saratani huwekwa chini ya kichwa “Neoplasms”. Matokeo yakiwa maelfu, dhana moja huongezwa au miaka hupunguzwa. Yakiwa machache mno, visawe huongezwa. Makala moja nzuri ikipatikana, orodha ya marejeleo yake huongoza kwenye tafiti zilizoitangulia, na kiungo cha walioinukuu huongoza kwenye zilizofuata. Makala isiyofunguka huombwa kwa mkutubi, ambaye mara nyingine huweza kuipata kutoka maktaba nyingine.

Mtafutaji asipopata kitu, asihitimishe kwamba mada haijatafitiwa. Tasnifu nyingi za vyuo vya Afrika Mashariki, pamoja na makala zilizoandikwa kwa Kiswahili katika majarida kama Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huenda zisionekane katika hifadhidata kubwa za ng’ambo, hivyo utafutaji uliokamilika hupitia pia hazina ya kidijitali ya chuo chenyewe na rafu za maktaba.