Gobore kwenye theluji

Jina lenyewe ni tabu. Mnyama tuliyemfuata hana jina la Kiswahili la nyumbani. Ukimwita swala umekosea, ukimwita kulungu umekosea pia, maana pembe za hao ni za maisha. Huyu wa Marekani dume lake huota pembe mpya kila mwaka, likazidondosha majira ya baridi. Waliotafsiri Zaburi ya 42 walimwita ayala, nami nitabaki na hilo.

Ilikuwa kaskazini mwa Wisconsin, mwanzoni mwa Desemba, nyuzi 15 chini ya sifuri. Msimu mkubwa wa bunduki, zile siku tisa zinazoangukia sikukuu ya Shukrani, ulikuwa umekwisha, na ayala waliobaki walishajua maana ya mlio. Baada yake sheria ya jimbo hutoa siku 10 za gobore. Ndiyo, gobore, silaha ambayo kwetu ikitajwa mtu humuwaza jangili, au babu anayelinda mahindi yasiliwe na ngedere. La mwenyeji wangu lilikuwa la kiwandani, linang'aa, lina hata darubini, ila kanuni haijabadilika: baruti kwa mdomoni, risasi ikashindiliwa juu yake, moja tu. Ukikosa, hadi upakie tena ayala ameshavuka kilima.

Usiku ule gobore lililala kibandani, fataki ikiwa imetolewa, sisi tukalala karibu na jiko. Chuma kilichoganda kikiingizwa penye joto hutoka jasho, na baruti iliyopata unyevu haina kazi.

Asubuhi nilivalishwa kizibao na kofia ya rangi ya chungwa inayoumiza macho. Nikauliza kama tunakwenda kuwinda au kuongoza magari. Kumbe jicho la ayala halioni vizuri wekundu. Rangi hiyo kwake imefifia, lakini mwindaji mwenzako anakuona toka mbali asikupige. Sheria inadai angalau nusu ya nguo za juu ya kiuno ziwe hivyo, au ziwe za waridi kali, na kofia pia ukiivaa.

Nilitegemea tufuate nyayo. Mwenyeji wangu hakuzijali. Swali lake lilikuwa moja: leo wanakula wapi? Novemba madume hukimbiza majike mchana na usiku, kula wanasahau, na dume linaweza kupoteza hadi robo ya uzito wake. Desemba ikifika, deni hilo linadaiwa. Ayala anapunguza mwendo, anapunguza hata chakula, anaishi kwa mafuta ya mwilini na vijiti vya miti. Manyoya yake ya baridi yana uwazi ndani kama mirija na huzuia joto lisitoke, hata theluji humkalia mgongoni isiyeyuke. Theluji ikipita magoti yao, wanajibanza pamoja chini ya mierezi, wanakopata kinga ya upepo na majani ya kutafuna. (Mwenye huruma asikimbilie kuwamwagia mahindi. Tumbo lililozoea vijiti likijazwa nafaka ghafla linaweza kumuua mnyama akiwa ameshiba.)

Basi tukakaa, tangu saa saba mchana, pale mierezi inapopakana na shamba la mahindi lililovunwa. Kutembea kusingesaidia, kwani theluji kavu inalia kila hatua kama unakanyaga chapati za juzi. Vidole vya miguu viliuma, kisha vikaacha kuuma, jambo lililonitisha zaidi. Jua lilikuwa linazama saa kumi na robo.

Saa kumi kasoro wakatoka watatu. Wawili wadogo, nyuma yao mmoja mkubwa mwenye kichwa kitupu. Kibali cha mwenyeji wangu kilikuwa cha asiye na pembe. Mlio, kisha wingu la moshi mweupe, na kwa kuwa hapakuwa na upepo, likasimama mbele yetu tusione kitu. Tulingoja nusu saa ndipo tukafuata damu, ambayo kwenye theluji hata mgeni kama mimi anaisoma.

Alikuwa dume. Juu ya kichwa palikuwa na makovu mawili mabichi, ya mviringo, pembe zikiwa zimedondoka mapema. Sheria haikuvunjwa, kwa sababu kibali kinataja pembe, hakitaji jinsia. Lakini mwenyeji wangu alivua kofia akakaa kimya muda mrefu, na nilimwelewa kuliko kama angeongea.

Tulimburuta hadi garini gizani. Nilipouliza kilo itauzwa bei gani, nilitazamwa vibaya. Nyama ya porini kule haiuzwi. Biashara hiyo ndiyo iliyokaribia kuwamaliza ayala karne ya 19, hadi sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilipoanza kuibana. Bunduki za kuwindia na risasi hutozwa kodi ya asilimia 11, na kwa sheria ya mwaka 1937 fedha hizo hurudi kwa wanyamapori.

Kusajili mnyama mwisho ni saa kumi na moja jioni ya siku ya pili. Yeye alisajili usiku uleule. Kisha akakata tezi za shingoni kwa ajili ya maabara. Tangu 2002 jimbo hilo linapambana na ugonjwa unaotoboa ubongo wa ayala, hauna tiba, na ingawa haujathibitika kumpata binadamu, wataalamu hushauri aliyeambukizwa asiliwe.

Nilipoondoka, nyama ilikuwa kwenye friza, imefungwa na kuandikwa tarehe. Hakuna aliyekuwa ameionja. Majibu yalikuwa bado.