Mama Mfanyakazi, Usiifiche Hali Yako Kazini

Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Leo tunazungumza juu ya mama aliyeajiriwa na umma: muuguzi katika hospitali ya kaunti, mwalimu, karani, mfagiaji wa soko, mpishi wa shule. Tunataka kujibu swali moja. Ukiwa na ulemavu, au ukiwa unalea mtoto mwenye ulemavu, utaitunzaje afya yako na kazi yako kwa pamoja?

Tuchukue mfano. Kuna mama karani katika afisi ya kaunti. Mtoto wake wa miaka minne ana mtindio wa ubongo, na kila Jumanne lazima apelekwe hospitalini kufanyishwa mazoezi ya viungo. Mama huyu hajamwambia mtu yeyote kazini. Jumanne hii anasema ana homa. Jumanne ijayo anasema kuna msiba. Jumanne nyingine hasemi lolote, anazima simu tu. Baada ya miezi mitatu anapewa barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Sasa halali usiku, hali chakula, na mgongo unamuuma kwa kumbeba mtoto.

Je, mkubwa wake ni mkatili? Huenda hapana. Mkubwa anaona kitabu cha mahudhurio tu. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inahesabu kukosa kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa kubwa linaloweza kumfanya mtu afutwe. Mama anayo sababu nzuri kabisa, lakini ameificha. Wazee walisema, mficha uchi hazai.

NANI HUHESABIWA KUWA NA ULEMAVU?

Wengi wakisikia neno ulemavu huwaza kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imetaja zaidi ya hapo. Ibara ya 260 inasema ulemavu ni pamoja na hitilafu au ugonjwa wa mwili, wa hisi kama kuona na kusikia, wa akili au wa nafsi, unaomzuia mtu kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu kufanya shughuli zake za kila siku.

Kwa hivyo mama mwenye kifafa anaweza kuwa ndani. Mama aliyepoteza uwezo wa kusikia sikio moja baada ya jingine anaweza kuwa ndani. Mama ambaye ugonjwa wa akili umemsumbua miaka mingi anaweza kuwa ndani pia. Usijikatalie mwenyewe kabla daktari hajakupima.

HAKI ZAKO NI ZIPI?

Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na vilevile kwa sababu ya ujauzito. Ibara ya 54 inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na aweze kufika mahali pa umma na kupata habari. Tena inaitaka serikali, hatua kwa hatua, ihakikishe kuwa angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma ni watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2025 sheria mpya ilichukua nafasi ya ile ya zamani, na Baraza bado lipo.

Haki iliyo karibu zaidi nawe kila siku ni marekebisho ya kazini. Maana yake ni kwamba kazi au mahali pa kazi hubadilishwa kidogo ili uweze kufanya kazi yako vizuri. Marekebisho mengi hayagharimu pesa nyingi. Sikiliza mifano hii:

- Mama anayetumia magongo apewe afisi ya chini badala ya ghorofa ya tatu.
- Mama asiyesikia apate mkalimani wa lugha ya ishara siku ya mkutano.
- Mama asiyeona awekewe programu ya kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti.
- Muuguzi mwenye kifafa asipangiwe zamu za usiku, kwa kuwa kukosa usingizi kunaweza kuleta kifafa.
- Mama mwenye kisukari apewe muda wa kula na kudunga insulini kwa saa zake.

Kuna pia upande wa mshahara. Mfanyakazi mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kutoka Mamlaka ya Ushuru, KRA. Agizo la mwaka 2010 liliweka kiwango cha shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi. Msamaha huu hauji wenyewe. Lazima uombe, na cheti kikiisha muda ukifanye upya. Tena, katika utumishi wa umma umri wa kustaafu ni miaka 60, lakini kwa mwenye ulemavu ni miaka 65. Usingoje ufike miaka 59 ndipo uanze kutafuta kadi. Mwajiri atauliza mbona hali yako haimo katika faili.

NIANZE WAPI?

Kwanza, nenda hospitali ya serikali inayopima ulemavu, upimwe na uandikiwe ripoti. Pili, peleka ripoti hiyo ujisajili na Baraza. Tatu, mwandikie mwajiri wako. Usitosheke na kusema kwa mdomo kwenye veranda. Mkubwa huhamishwa, na maneno yake huondoka naye. Barua hubaki katika faili.

Barua isiwe ndefu. Yule mama karani angeweza kuandika hivi:

"Kwa Afisa wa Rasilimali Watu, kupitia kwa msimamizi wangu. Mimi ni karani katika idara hii. Ninalea mtoto mwenye ulemavu ambaye hupelekwa kliniki kila Jumanne asubuhi. Naomba niruhusiwe kuingia kazini saa saba mchana siku hiyo, na nifidie saa hizo kwa kufika mapema siku nyingine. Nimeambatisha barua ya hospitali. Nitashukuru kupata jibu kwa maandishi."

Umeona? Hajalia wala hajaeleza mambo ya nyumbani kwake. Ametaja shida, ametaja anachoomba, na ametaja jinsi kazi itakavyofanyika. Weka nakala yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

JE, WATU HAWATANICHEKA?

Hofu hii ni ya kweli, wala hatuibezi. Ziko afisi ambazo mama akisema ana ugonjwa wa akili, kesho yake jambo hilo liko kantini. Lakini jua kuwa huna deni la kumweleza kila mtu. Ungependa mwenzako wa meza ya pili ajue? Ni hiari yako. Anayehitaji kujua ni afisa anayeweza kukusaidia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, zinazohitaji ulinzi wa pekee. Andika juu ya bahasha kwamba barua ni ya siri.

Jambo jingine la kukutia moyo: wizara na mashirika ya umma hutia sahihi mikataba ya utendakazi, na masuala ya ulemavu yamo katika mambo wanayopaswa kuyatolea ripoti. Kwa sababu hiyo taasisi nyingi zina kamati au afisa wa masuala ya ulemavu. Muulize afisa wa wafanyakazi huyo ni nani. Ombi lako si mzigo kwao. Ni sehemu ya kazi yao.

IKIWA MWENYE ULEMAVU NI MTOTO

Hapa tuseme ukweli. Sheria ya Ajira ya 2007 haikuweka likizo maalum ya kulea mtoto mwenye ulemavu. Inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, na likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Kwa hiyo mama mlezi anategemea mipango na makubaliano. Unaweza kuomba likizo yako ya mwaka igawanywe kulingana na siku za kliniki, ubadilishane zamu na mwenzako, au uhamishiwe kituo kilicho karibu na hospitali au shule ya mtoto. Mtoto naye asajiliwe na Baraza, kwa maana kadi yake ndiyo itakayoyapa maombi yako nguvu.

Na ikiwa unanyonyesha, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha au kukamulia maziwa, ambacho si choo, na akupe muda usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula.

NAWE MLEZI, UNAJITUNZA?

Mtoto wa miaka sita asiyetembea ni mzito. Unapomwinua usiupinde mgongo. Chuchumaa kwa magoti, mlete karibu na kifua chako, kisha inuka kwa nguvu za miguu. Mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe siku ya kliniki.

Tena uangalie moyo wako. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi una huzuni isiyoondoka, hufurahii lolote, hulali au unalala mno, huna nguvu, au unajiona hufai, huo si uvivu wala si laana. Huenda ni ugonjwa wa mfadhaiko, nao hutibiwa. Nenda kituo cha afya. Uliza pia kazini kama kuna mshauri nasaha; afisi nyingi za umma zinaye, na wafanyakazi hawajui. Mawazo ya kujiua au kumdhuru mtoto yakikujia, usingoje asubuhi. Mwambie mtu aliye karibu, naye akupeleke hospitali mara moja.

WAKIKATAA JE?

Omba sababu za kukataa kwa maandishi. Nenda kwa chama chako cha wafanyakazi. Ukipewa barua ya kujieleza, ijibu kwa wakati, hata kama una hasira. Kabla ya kukufuta kwa kosa la nidhamu, kazi duni au kwa kuwa mwili haukuwezeshi, sheria inamtaka mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama unayemchagua wewe, na akusikilize. Ukionewa, uko mlango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, wa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, na wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

KUMBUKA:

1. Pimwa na ujisajili mapema, wewe au mtoto.
2. Mwandikie mwajiri, na uweke nakala.
3. Sema unachohitaji na jinsi kazi itakavyoendelea.
4. Usikose kazini bila ruhusa ukitumaini watu wataelewa.
5. Afya yako ndiyo nguzo ya mtoto. Itunze.

Mama, wiki hii tafuta karatasi na kalamu, uandike ile barua uliyoiahirisha. Ikiwa huna shida hii, yamkini jirani yako wa mezani anayo. Mweleze uliyoyasikia leo.