Koala na Mkaratusi

Wasomaji wetu wengi waujua mkaratusi, mti mrefu wenye majani yanukayo kama dawa. Asili yake ni Australia, nao uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, upate kuwa kuni za magari ya moshi. Mbuzi wetu, ambao hawachagui sana, kwa kawaida huyapita majani yake. Basi huko Australia, katika misitu ya mashariki na kusini mashariki, yuko mnyama ambaye majani hayo ndiyo maisha yake. Jina lake koala.

Wazungu walimwita dubu, kwa ajili ya manyoya yake mazito ya kijivu na masikio yake ya mviringo. Jina hilo halimfai. Jamaa yake ni kanguru, kwa kuwa koala jike naye humlea mtoto katika mfuko wa ngozi tumboni. Mtoto huzaliwa baada ya siku 35 hivi, hana manyoya wala haoni, urefu wake sentimita 2 tu. Naye hutambaa mwenyewe hata mfukoni, akakaa humo miezi 6.

Majani ya mkaratusi yana sumu, ni magumu, tena lishe yake ni haba. Ini la koala huivunja ile sumu. Kisha majani hukaa siku nyingi katika sehemu ya utumbo iliyofumba upande mmoja, yenye urefu wa mita 2 hivi, ambamo vijidudu visivyoonekana kwa macho huyachachusha. Mtoto hazaliwi na vijidudu hivyo. Kwa hiyo, akikaribia kutoka mfukoni, mama yake humlisha kinyesi laini cha namna ya pekee. Asicheke mtu: hicho ndicho kimwezeshacho kula majani.

Hata hivyo nguvu aipatayo ni kidogo, naye huiwekea akiba kwa kulala saa 18 hata 20 kila siku, amejipachika penye panda ya mti. Sisi nasi zamani tulimhesabu mvivu, tulikosea. Usiku huamka akala nusu kilo hivi ya majani, akiyanusa kwanza, kwa maana aina za mikaratusi zapita 600, naye huzipenda chache tu. Maji mengi huyapata katika majani hayo. Siku za joto kali hulikumbatia shina, ambalo huwa baridi kuliko hewa.

Mnyama aliyejifunga hivi kwa mti mmoja hana pa kukimbilia. Mwaka 1927 serikali ya jimbo la Queensland iliruhusu awindwe, na kwa muda mfupi ngozi zaidi ya 500,000 zilipatikana. Uwindaji huo ulikomeshwa, lakini ukataji wa misitu uliendelea, na mioto mikubwa ya 2019 na 2020 ikateketeza mingi. Koala aliyekatiwa miti yake hushuka chini kutafuta mingine. Na chini ni mzito wa mwendo, hukutwa na mbwa na motokaa. Februari 2022 serikali ya Australia ilimtangaza kuwa yu hatarini kutoweka katika Queensland na New South Wales. Huko Queensland yamejengwa mapito chini ya barabara kuu, na koala wameonekana wakipita humo usiku, mmoja mmoja, wakienda kwenye miti ya ng'ambo.