Pilau Letu na Njia ya Tabora



Mara kwa mara watu wa televisheni huja visiwani kupiga picha za vyakula vyetu, na jambo hili latufurahisha. Mwaka 2014 alikuja Anthony Bourdain, mpishi na mwandishi wa Kimarekani aliyefariki mwaka 2018, akafanya kipindi cha Tanzania katika mfululizo wake ulioitwa Parts Unknown. Alikula na kuzungumza na watu hapa Unguja, kisha akavuka bara kwenda nchi ya Wamasai. Mwaka 2022 ikaonyeshwa filamu ya The Royal Tour, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Zanzibar, alimtembeza mwandishi wa safari Peter Greenberg sehemu mbali mbali za nchi.

Hatuna ugomvi na picha hizo. Pilau likipakuliwa mbele ya kamera, mvuke ukapanda, hata aliyeshiba humeza mate. Lakini tumeona kasoro moja ambayo sisi wakulima wa karafuu hatuna budi kuisema. Khabari ya chakula chetu husimulia watu waliokuja kwa bahari: Mwarabu, Mhindi, Mreno. Ikifika ufukweni hukatika. Kamera ikivuka bara huenda kutafuta simba na tembo. Tabora haiendi, na nusu ya khabari ya chungu chetu iko Tabora.

Tuanze na masafa. Richard Burton na John Speke walifika Tabora, iliyokuwa ikiitwa Kaze siku hizo, tarehe 7 Novemba 1857. Ilikuwa siku ya 134 tangu waondoke pwani. Basi kila kitu cha pwani kilicholiwa huko kilibebwa na mtu, kichwani au begani, kwa miezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70. Frasila hiyo ni ile ile waliyopimia karafuu wazee wetu. Mwanachama aliyewahi kubeba gunia la karafuu kutoka shamba mpaka barabarani na afikiri kulibeba mpaka Tabora.

Na nini kilichobebwa? Mwaka 1871 H. M. Stanley alipita Tabora akimtafuta Livingstone, na katika kitabu chake aliandika alivyowakuta Waarabu wa huko wakiishi. Karibu na matembe yao walilima ngano kidogo, wakapanda michungwa, milimau, mipapai na miembe. Walikuwa na vitunguu, thomu, pilipili, matango, tungule na mabiringani. Akasema kwamba angalau mara moja kwa mwaka watumwa wao waliwaletea kutoka pwani chai, kahawa, sukari na viungo. Mkulima wa karafuu akilisoma neno hilo la mwisho hana haja ya kuuliza soko la viungo lilikuwa wapi.

Vitu husafiri kwa mizigo, lakini mapishi husafiri kwa watu, na khasa kwa ndoa. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alikaa karibu na Tabora na akaoa kwa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Nyumba za namna hiyo zilikuwa na mafiga ya pwani na ya bara pamoja. Mpunga, ambao watu wa pwani waliueneza sana katika njia hiyo, ukapata makao. Leo Tabora ni mkoa wa wali, na pia wa asali ya miyombo, karanga, uyoga wa msituni, na viazi vitamu vilivyokaushwa, yaani michembe na matobolwa. Miembe ya Tabora yajulikana nchi nzima. Mtu wa Unguja au Pemba akikaribishwa chini ya kivuli chake hatajiona mgeni sana.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao ni mgumu zaidi kusema. Chakula kilikwenda bara, na watu wakaja visiwani. Wako waliokuja kwa hiari yao. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, wakishuka pwani wakati wa kiangazi kwa ujira na kurudi kwao kulima mvua zikikaribia. Na wako waliokuja kwa minyororo, katika njia hiyo hiyo, wakauzwa. Wengi wao waliishia chini ya mikarafuu.

Historia ya zao letu twaipenda sana katika sehemu zake nzuri. Twamtaja Saleh bin Haramil al-Abri aliyeileta mikarafuu mwanzoni mwa karne ya 19, twamtaja Sayyid Said aliyeamrisha ipandwe kwa wingi, na twaikumbuka tufani ya mwaka 1872 iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba na mingi ya kwake. Waliochimba mashimo, wakapalilia, wakapanda juu ya matawi, wakachambua karafuu na makonyo usiku, wakaanika juu ya majamvi, hao hatuwataji. Biashara ya watumwa kwa bahari ilikatazwa mwaka 1873, na mwaka 1897 utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria. Baadaye vibarua wa bara, na Wanyamwezi wakiwa wengi miongoni mwao, wakaendelea kuja kupalilia mashamba kwa mshahara. Wako wanachama wetu ambao babu zao walikuja kwa njia mojawapo ya hizo. Baadhi yao hawapendi kusema, na sababu twaijua. Aibu si yao. Aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua.

Basi kipindi kinachosifu karafuu ya pilau bila ya kumtaja mtu wa Tabora kimemsifu mpishi kikamsahau aliyeleta kuni. Wahenga walisema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Lau kama kamera zingekuwa zetu, tungefanya hivi. Tungeanza shambani wakati wa mavuno, tukavuka mpaka Bagamoyo, mahali misafara ilipofungia na kufungulia mizigo. Kutoka hapo tungekwenda Mpwapwa, ambapo watu walijaza vibuyu vyao kabla ya kuingia nyika kavu ya Marenga Makali. Tungepita Ugogo, ambako misafara ililipa hongo ya nguo na shanga ili ipate njia na maji, tukala ugali wa uwele kwa mlenda kama wanavyokula wenyeji. Tungefika Kilimatinde, kisha Kwihara karibu na Tabora, penye tembe la makumbusho ya Livingstone, aliyekaa hapo mwaka 1872. Mwisho ungekuwa Ujiji, kwa migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Ramani hii si ya kubuni. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia huko UNESCO, na vituo hivyo vyote vimo. Wala safari yenyewe si ya miezi tena. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ndiyo iliyommaliza mpagazi.

Pengine mwanachama atauliza: haya yatatupatia nini? Twajibu kwamba yana faida mbili. Ya kwanza ni ya soko. Sehemu kubwa ya karafuu za dunia huchomwa moto ndani ya sigara za Indonesia, na mwenye kutegemea mnunuzi wa aina moja hulala na wasiwasi. Mpishi wa Tabora anayetia chembe nne za karafuu katika pilau lake la harusi ni mteja mdogo, lakini ni mteja wa tangu zamani, na yuko nchini mwetu. Yafaa tumkumbuke tunapotafuta masoko.

Faida ya pili ni ya heshima. Wageni wenye kamera watakuja tena, na wengi wao watataka kuonyeshwa mkarafuu. Watakaosimama nao shambani ni sisi. Wakituuliza mti huu umetoka wapi, tutawaambia. Wakisahau kuuliza ni nani aliyeupanda, tuwaambie vile vile.

Kwa hiyo twaomba jambo moja. Kila mwanachama mwenye mzee nyumbani aliyesikia khabari za njia hiyo, za safari ya miguu, za upagazi, za upaliliaji, au za chakula walichopika watu wa bara mashambani mwetu, na akae naye jioni moja amsikilize na kuandika. Hata ukurasa mmoja watosha. Kama mzee hataki jina litajwe, lisitajwe. Atuletee, nasi tutazichapa katika kurasa hizi moja baada ya moja, ili atakapokuja mpiga picha tuwe na cha kumpa zaidi ya sahani.