Mafua ya Paka na Amana ya Nyumbani

Nyumba za Waislamu zisizoingia paka ni chache. Hulala juu ya mikeka yetu wala hatumwoni kuwa ni najisi. Hayo si mazoea tu, bali ni mafunzo ya dini. Imepokewa kwa Kabsha binti Kaab kwamba alimtilia mkwewe, Sahaba Abu Qatada, maji ya udhu. Akaja paka, na Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha anastaajabu, alimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha ya kwamba paka si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzunguka majumbani.

Basi huyu atuzungukaye akiugua, ni juu ya nani kumwangalia?

Masika moja mtoto wa paka wa pale chuoni petu alianza kupiga chafya. Wanafunzi walituletea macho yamefumba kwa matongo na pua imeziba kwa kamasi ya manjano. Kwa huruma tukampa nusu ya kidonge cha parasetamoli, kile tumezacho sisi tushikwapo na homa. Kabla ya magharibi uso ulimvimba, ufizi ukageuka rangi ya kahawia, akawa ahema kwa taabu. Alfajiri tulimkuta amekufa. Daktari wa mifugo alitwambia neno lililotuchoma: mafua yale huenda yangalipona, kilichomwua ni dawa yetu. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa ile kama ini la mwanadamu, na kidonge kimoja chaweza kumwua hata paka mzima. Twaandika haya ili lisimpate mwingine lililotupata sisi.

Mafua ya paka mara nyingi huanza kwa virusi. Hivyo hudhuru njia ya pua na koo, na hapo bakteria hupata mlango. Pengine bakteria huanza wenyewe. Walio mashuhuri ni Bordetela, waletao kikohozi na ambao mbwa aweza kumwambukiza paka, Klamidia, washikao zaidi macho, na Mikoplasma. Kamasi nyepesi kama maji ni ya mwanzo wa ugonjwa. Ikiwa nzito, ya manjano au ya kijani, yafaa kudhani kuwa bakteria wameingia. Kwa watoto wa paka ugonjwa waweza kushuka mpaka mapafuni.

La kwanza ni kumtenga mgonjwa na wenziwe, awe na chombo chake, na amshikaye anawe mikono. La pili, apanguswe macho na pua kwa pamba iliyochovywa katika maji safi ya vuguvugu. La tatu, apewe chakula chenye harufu, kama samaki aliyepashwa moto kidogo, kwani paka asiyesikia harufu hukataa kula, na kukaa siku nyingi bila kula humharibu ini.

Akihema kwa kinywa wazi, akisusa chakula siku nzima, au akiwa ni mchanga, apelekwe kwa daktari bila kukawia. Huyo ndiye ajuaye kama yafaa dawa ya kuua bakteria na kwa kipimo gani. Mara nyingi hutoa doksisiklini. Kidonge chake kifuatishwe maji au chakula, kwani kikikwama kooni hulichoma. Siku zilizoamriwa zitimizwe, hata kama mgonjwa ameonekana kupona. Wala tusitoe kabatini dawa iliyobaki ya mtu tukampa mnyama.

Twamjua yule mwanamke ambaye Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa aliadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Sisi hatukumfungia paka wetu, tulimhurumia. Lakini huruma isiyo na elimu ilimfikisha kule kule kaburini. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwauliza wenye kujua iwapo sisi hatujui, na daktari alikuwa mwendo wa nusu saa tu. Tuliwaambia wanafunzi wetu wazi kuwa mwalimu wao amekosea, kisha tukamzika paka yule pamoja nao.

Mwenyezi Mungu atusamehe, na atujaalie huruma yenye elimu. Amin.